Kaliba Ipi kwa Bastola Fupi?

Mwaka 1896 bodi iliyosimamia polisi wa jiji la New York, chini ya mwenyekiti wake Theodore Roosevelt, ilikata shauri kwamba askari wachukue bastola ya aina moja. Iliyochaguliwa ilitoka kiwanda cha Colt nayo ilikuwa ya kaliba .32. Jeshi la Marekani, kwa upande wake, lilikuwa likitumia kaliba .38 tangu mwaka 1892. Na haukupita muda mrefu kabla ya askari wake waliokuwa vitani Ufilipino kulalamika kwamba hata hiyo ilikuwa ndogo mno, kwa kuwa adui aliyekwisha pigwa risasi aliendelea kuja na upanga mkononi. Hivyo basi, katika nchi moja na karibu wakati mmoja, watu waliokuwa na kila sababu ya kufikiri vizuri walifikia majibu mawili yasiyopatana. Mabishano hayo hayajakwisha hadi leo, na yamekuwa makali zaidi kuhusu silaha moja: bastola fupi ya silinda, ambayo mtutu wake una urefu wa sentimita tano hivi na ambayo huweza kufichwa mfukoni.

Kwa kawaida mabishano haya huendeshwa kwa hadithi. Mmoja atasimulia juu ya askari aliyemwangusha jambazi kwa risasi moja ya kaliba kubwa. Mwingine atasimulia juu ya jambazi aliyepigwa sita akakimbia. Lakini sehemu kubwa ya jambo lenyewe ni fizikia ya shule ya sekondari, na mwanafunzi mwenye kalamu na karatasi aweza kuona mbali kuliko mbishi mwenye hadithi mia. Wala huu si mchezo wa hesabu tu. Askari au mlinzi aliyepewa silaha asiyoimudu hulikosa lengo lake, na risasi iliyokosa lengo haipotei hewani. Huenda ikampata mpita njia au mtoto aliye nyuma ya ukuta wa mbao.

Jina si kipimo

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, au kipenyo cha risasi ipitayo humo. Wamarekani huitaja kwa sehemu za inchi, hivyo .32 ingepaswa kuwa milimita 8.1 na .38 iwe milimita 9.7. Mwanafunzi akipima kwa kalipa atashangaa. Risasi iitwayo .38 Special, iliyotolewa na kiwanda cha Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19, ina kipenyo cha inchi 0.357, yaani milimita 9.07. Jina .38 limerithiwa kutoka risasi za zamani ambazo upana wake ulilingana na ganda. Risasi ilipopunguzwa ili iingie ndani ya ganda, jina likabaki lilivyokuwa. Kisha mwaka 1935 ikatolewa .357 Magnum, nayo ina kipenyo kile kile hasa. Tofauti yake na .38 si upana bali ni baruti. Ganda lake lilirefushwa kwa milimita 3 hivi ili lisiweze kuingia katika bastola za .38, ambazo zingeweza kupasuka. Viwango vya Marekani huruhusu ndani ya .38 Special ya kawaida kanieneo ya kiasi cha mara 1,150 ya ile ya hewa tunayoivuta; katika .357 Magnum huruhusu karibu mara 2,400. Kinyume chake kinawezekana: mwenye bastola ya .357 aweza kuipakia risasi za .38 bila madhara, na wengi hufanya hivyo, kwa sababu tutakazoziona.

Kwa hiyo mtu asemaye anachagua kaliba, mara nyingi huwa anachagua mambo matatu kwa pamoja: upana wa risasi, tungamo lake, na kiasi cha baruti. Katika bastola kubwa mambo hayo yana nafasi ya kutosha. Katika bastola fupi kila moja hulinyang'anya jingine.

Jiometria ya silinda

Tuanze na nafasi, kwa sababu hapa jiometria ya kawaida hutoa jibu zuri ajabu. Ganda la .38 lina ukingo wa nyuma wenye kipenyo cha milimita 11.2, na kingo za magamba mawili yaliyo jirani haziwezi kupandana. Tukitaka kupanga risasi sita katika duara, vitovu vyake hufanya pembesita sawa, na katika pembesita sawa umbali kati ya pembe mbili jirani ni sawa na nusu kipenyo cha duara linalozizunguka. Basi nusu kipenyo hicho hakiwezi kupungua milimita 11.2. Tuongeze nusu ya upana wa ganda, milimita 4.8, na ukuta wa chuma wa milimita 2: jumla ni 18, na silinda nzima itakuwa na kipenyo cha milimita 36.

Sasa tujaribu risasi tano. Katika pembetano sawa, upande mmoja ni nusu kipenyo mara 1.176. Tukigawa 11.2 kwa 1.176 tunapata 9.5; tukiongeza 4.8 na 2 tunapata 16.3, na silinda inakuwa na kipenyo cha milimita 33 hivi. Tumeokoa milimita tatu kwa kuacha risasi moja. Wahandisi walifanya hesabu hiyo hiyo. Colt waliotoa bastola yao fupi, Detective Special, mwaka 1927 waliweka risasi sita na kukubali silinda nene. Smith & Wesson walipotoa Chiefs Special mwaka 1950 waliweka tano, wakapata silaha nyembamba iliyoenea duniani kote.

Je, .32? Ukingo wa ganda la .32 ya urefu wa kawaida wa polisi ni milimita 9.5, na mwili wake milimita 8.6. Kwa risasi sita, nusu kipenyo cha duara ni 9.5, ongeza 4.3 na 2, na silinda nzima haifiki milimita 32. Yaani bastola ile ile ibebayo .38 tano hubeba .32 sita, na ikiwa ni ya .22 hubeba nane. Hii ni hoja ya kwanza ya kweli kwa upande wa kaliba ndogo, nayo haihitaji hadithi ya mtu yeyote.

Mkono hulipa

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kanuni ya tatu ya Newton yasema kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo. Momenta, ambayo ni tungamo mara kasi, haiumbwi wala haipotei: kadiri inayokwenda mbele pamoja na risasi, kadiri iyo hiyo hurudi nyuma pamoja na bastola hadi kwenye kiganja cha mpigaji. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba si risasi peke yake iendayo mbele. Baruti iliyoungua imekuwa gesi, nayo hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde. Watu wengi huisahau gesi hii, na kwa kufanya hivyo hukosea sana katika hesabu ya .357.

Tuchukue bastola yenye tungamo la kilo 0.5 ikiwa imepakiwa, kama zilivyo nyingi zenye mwili wa aluminiamu. Namba zifuatazo ni za makadirio, lakini hazitoki mbali na zinazopimwa.

Risasi ya .38 ina gramu 10.2 na hutoka katika mtutu wa sentimita tano kwa kasi ya mita 210 hivi kwa sekunde. Momenta yake ni 2.1, gesi huongeza kama 0.3. Bastola hurudi nyuma kwa mita 4.9 kwa sekunde, ikiwa na nishati-mwendo ya jouli 6. Kwa .32 yenye gramu 6.4 na kasi ya mita 200, nishati inayorudi ni jouli 2 tu. Kwa .22 yenye gramu 2.6 haifiki jouli moja, na hata mtu mwenye mkono dhaifu huivumilia.

Halafu tuweke .357 Magnum. Risasi yenye gramu 8.1 hutoka katika mtutu huo mfupi kwa mita 360 hivi kwa sekunde, momenta 2.9, lakini baruti yake ni gramu 1.2, na gesi peke yake huleta 1.5 nyingine. Jumla 4.4. Bastola hurudi kwa mita 8.8 kwa sekunde, na nishati yake ni jouli 19. Linganisha: tukitoka .38 kwenda .357, nishati ya risasi imepanda kutoka jouli 225 hadi 525, yaani mara 2.3, nishati inayoupiga mkono imepanda mara 3.2. Bei imepanda kuliko bidhaa. Na tukitumia moja ya bastola nyepesi kabisa za leo, zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, skandiamu na titaniamu, ambazo zikiwa zimepakiwa hazizidi sana kilo 0.4, nishati hiyo hufika jouli 24.

Mwanafunzi aweza kuuliza: mbona jouli 24 ni kidogo? Kilo mbili na nusu zikianguka kutoka urefu wa mita moja hutoa kiasi hicho. Ni kweli, lakini ziangukie kiganja, katika sehemu ndogo sana ya sekunde, na kishikio chenyewe kiwe chembamba. Kiungo cha kidole gumba huvimba. Tena mtu hana haja ya kuumia mara nyingi. Baada ya risasi mbili tatu mwili hujifunza wenyewe: jicho hufumba na mkono hushtuka kabla ya fataki kulipuka, na risasi huenda chini ya lengo. Zoezi la uhodari huwa zoezi la woga.

Kuna kituko kingine ambacho walimu wa fizikia watakipenda. Katika bastola nyepesi yenye risasi kali, bastola hurudi nyuma ghafula pamoja na magamba ya risasi zilizobaki, lakini risasi zenyewe, kwa inesha yao, hutaka kubaki zilipo. Zikiwa hazikubanwa vya kutosha huchomoka kidogo kidogo kutoka katika magamba yake, hadi moja ijitokeze mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Ni kanuni ya kwanza ya Newton, lakini huja wakati mbaya kuliko wote.

Mtutu mfupi hupoteza nini?

Kazi ni kani mara umbali. Gesi husukuma risasi maadamu risasi iko ndani ya mtutu; ikitoka, biashara imekwisha, hata kama gesi bado ina kanieneo kubwa. Katika bastola fupi risasi humaliza safari yake ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini yake, na gesi nyingine huvuja katika mwanya mdogo ulio kati ya silinda na mtutu.

Hasara hiyo haigawanywi sawa. Risasi ya .38 yenye baruti kidogo iunguayo haraka hutoka mtutu wa sentimita 10 kwa mita 230, na wa sentimita tano kwa 210: nishati imepungua kwa sehemu moja ya sita. Ya .357 hutoka mtutu wa sentimita 10 kwa mita 440, na mtutu mfupi kwa 360: imepoteza theluthi nzima. Nishati iliyopotea huonekana nje ya mtutu kama mwali mkubwa, unaopofusha macho usiku, na kusikika kama mshindo. Mshindo wa bastola kama hizi hupita desibeli 150, na sikio huanza kuwa hatarini kwa mishindo ya ghafula kwenye 140.

Hadithi ya kumwangusha mtu

Lakini, atasema mbishi wetu, bora mkono uumie mradi adui aanguke. Hapa ndipo pana kosa kubwa kuliko yote, na jeshi la Marekani ndilo lililolipa heshima ya kisayansi. Mwaka 1904 ofisa wa silaha John T. Thompson na daktari wa jeshi Louis A. LaGarde walifanya majaribio mjini Chicago, katika machinjio ya ng'ombe. Walipiga ng'ombe hai wachache kwa kaliba mbalimbali, na pia walitundika maiti za watu na kutazama ziliyumba kiasi gani zilipopigwa. Walihitimisha kwamba kaliba ya kijeshi isipungue .45, na bastola ya jeshi ya mwaka 1911 ikafuata ushauri huo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ule uyumbaji wa maiti ulikuwa na thamani ndogo. Wanyama walikuwa wachache, na hawakupigwa mahali pamoja.

Tufanye hesabu. Risasi ya .38 yenye momenta 2.1 ikikwama ndani ya mtu wa kilo 70, humpa kasi ya mita 0.03 kwa sekunde, sentimita tatu. Kaliba .44 ya gramu 15.9 kwa mita 205 humpa sentimita tano. Hakuna anayeangushwa kwa sentimita tano. Isingewezekana kuwa vinginevyo, kwani momenta ya risasi haizidi ile iliyompata mpigaji, naye hakuanguka. Watu huanguka kwa sababu ubongo au uti wa mgongo umepigwa, au damu imetoka nyingi, au, mara nyingi, kwa hofu.

Mahali palipopigwa ndipo penye neno la mwisho. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa kwa bastola fupi ya Kiingereza ya kaliba kubwa, milimita 11 hivi, aina iliyoitwa Bull Dog. Risasi ilikosa moyo na uti wa neva. Garfield aliishi siku 79 na kufa hasa kwa uambukizo, baada ya madaktari kuingiza vidole visivyooshwa kwenye jeraha. Alexander Graham Bell, aliyevumbua simu, alileta chombo cha umeme kuitafuta risasi asiipate. Na Roosevelt yule yule aliyewachagulia polisi .32 alipigwa mwaka 1912 mjini Milwaukee kwa bastola ya .38. Risasi ilipitia hotuba yake ya kurasa 50 iliyokunjwa mfukoni pamoja na kasha la miwani, ikasimama kifuani. Alihutubia kwa zaidi ya saa moja kabla ya kukubali kwenda hospitali.

Tangu miaka ya 1980 upimaji umekuwa bora. Risasi hupigwa ndani ya jelatini iliyotengenezwa ilingane na misuli, na kinachopimwa ni kina na upana wa tundu. Baada ya mapigano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo maofisa wawili wa FBI waliuawa na risasi moja muhimu ya milimita 9 ilisimama kabla ya kuufikia moyo wa mshambuliaji, shirika hilo liliweka kipimo: risasi iingie angalau sentimita 30. Kisha likatafuta kaliba kubwa zaidi, milimita 10. Wengi wa maofisa hawakuweza kuimudu. Likashuka hadi .40, na mwaka 2014 kitengo chake cha mafunzo kikaeleza kwa nini kurudi milimita 9: maofisa hupiga shabaha vizuri zaidi na kwa haraka zaidi. Bastola hizo si fupi kama zetu, lakini mkono wa binadamu ni ule ule.

Kwa bastola fupi, basi, mwandishi huyu angeiweka .357 kando bila majuto. Katika ile nzito ya chuma, ambayo hupunguza msukumo wa .38 hadi jouli 4 au 5, .38 ya kawaida ina hoja nzuri, kwani hupenya vya kutosha. Kwa mtu mwenye mkono dhaifu au aliye mzee, .32 na risasi zake sita haistahili dharau inayopewa. Juu ya .22 kuna kikwazo ambacho si cha nishati: fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda, nayo hushindwa kuwaka mara nyingi zaidi kuliko fataki ya katikati.

Jaribio darasani

Hakuna haja ya bastola kuyathibitisha haya, wala isifikiriwe kuileta. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza katika kitabu chake jinsi ya kupima kasi ya risasi kwa kuipiga ndani ya gogo lililoning'inizwa, na hivyo akagundua kwamba risasi za wakati wake zilikwenda kwa kasi kuliko sauti. Mwalimu achukue kopo, alijaze udongo laini wa mfinyanzi hadi litimie gramu 200, na alining'inize kwa nyuzi mbili za mita moja. Mwanafunzi mmoja, nje ya darasa na bila mtu yeyote nyuma ya kopo, apige gololi ya gramu 5 kwa manati kutoka karibu. Wote wavae miwani ya kinga.

Kopo likisogea sentimita 15 au 16 mlalo, limepanda sentimita 1.2, na kasi yake ilikuwa mita 0.49 kwa sekunde. Kwa hifadhi ya momenta, gololi ilikuja kwa mita 20 kwa sekunde. Sasa wanafunzi wakokotoe nishati kabla na baada ya kugonga. Watapata jouli 1.0 kabla, na 0.024 baada. Waulizwe sehemu 97 katika 100 zimekwenda wapi, kisha wachimbue gololi na kulitazama tundu lililobaki katika udongo.